Jiwe lao liko Blankenberge, letu liko wapi?

Ndugu wasomaji, sisi walimu tunauliza: juu ya nini vita ya Kasongo ikumbukwe kwa Wazungu wawili tu? Luteni Lippens na sajini De Bruyne waliuawa hapa mwaka wa 1892. Tangu 1900 wana mnara wao Blankenberge, Ubelgiji, kando ya bahari. Sawa, kila muji unalilia watoto wake.

Lakini tarehe 22 Aprili 1893 Dhanis aliteka Kasongo kwa nguvu ya askari wa Gongo Lutete. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akakimbia. Septemba ile ile Wazungu wakamuua Gongo Lutete mwenyewe. Na wapagazi? Na wanawake? Na askari weusi wa pande zote mbili? Hawana hata kajiwe.

Wengine wanasema tusichokoze habari za utumwa. Hapana! Kati ya wababu wetu kulikuwa watekaji na watekwa. Jiwe liseme yote mawili. Tulisimamishe Kasongo, penye uwanja wa watu wote, na lingine Kabambare, ambako vita ilifika 1894. Tukinyamaza, watoto wetu watasoma vita yetu kwenye jiwe la wengine.