Ponya Moteri Kwanza, Halafu Ongeza Nguvu



Mwezi huu ninajibu barua ya kijana mmoja wa Butembo anayejifunza kazi ya garaji. Ameandika hivi: "Pasta, yaya yangu iko na Land Cruiser ya turbo, ya mazuti, inabebaka mizigo Butembo na Beni. Kwa kupanda mulima inachemka na inatosha moshi mweusi. Nimeona mu telefone namna wanafunga tanki ya maji na metanoli, moteri inapata nguvu mingi. Nataka niifunge mwenyewe kwetu mu parseli. Iko dhambi?"

Ndugu kijana, asante kwa kuuliza kabla ya kutoboa bomba. Wengi wanatoboa kwanza na kuuliza baadaye. Kumpa moteri maji si dhambi. Lakini si kila jambo lisilo dhambi ni jambo la hekima. Basi tuketi, tulitazame pamoja.

Kitu hiki kinafanya kazi gani?

Turbo inasukuma upepo mwingi ndani ya moteri. Upepo ukisukumwa kwa nguvu unapata moto, kama vile pompi ya baiskeli inavyopata moto mkononi mwako. Upepo wa moto ni mwepesi, tena unaongeza joto ndani ya moteri. Ndiyo sababu gari nyingi za turbo ziko na radiateri ndogo ya kupoza upepo.

Watu wakafikiri: tukinyunyiza maji kidogo sana, kama ukungu, ndani ya upepo ule, maji yatageuka mvuke na kuondoa joto. Ni kweli. Maji yakigeuka mvuke yanachukua joto zaidi ya mara 5 kuliko lile la kuyatoa kwenye ubaridi wa barafu mpaka yachemke. Mama zetu wanaofunika chupa kwa kitambaa chenye maji wanaijua siri hiyo. Metanoli ni aina ya alkoli. Yenyewe inapoza kwa nusu tu ya maji, lakini inawaka, kwa hiyo inaongeza nguvu.

Jambo hili si geni. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walitia katika ndege zao mchanganyiko walioita MW 50, nusu metanoli na nusu maji. Rubani alipata nguvu ya ziada, lakini aliamriwa asiitumie zaidi ya dakika 10 mfululizo. Akipita hapo, anaharibu moteri iliyombeba angani. Iangalie sana amri ile: nguvu ya namna hii ilikuwa ya dakika chache za hatari, haikuwa chakula cha kila siku.

Je, gari ya yaya yako inakosa nini?

Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700. Huku kwetu upepo umepungua karibu sehemu moja ya tano kuliko kule baharini. Tena maji ya wazi yanachemka kwenye joto la 94 hivi, hayangoji 100. Kwa hiyo kifuniko cha radiateri kikichoka na kuachilia presha, gari itachemka mapema kwenye milima yetu, hata kama moteri ni nzima.

Moshi mweusi nao unasema kitu. Unasema: mazuti ni mengi, upepo ni kidogo. Labda filtri ya upepo imejaa vumbi. Labda mpira wa turbo umepasuka na upepo unatoroka. Labda sindano za mazuti zimechoka. Labda mizigo ni mingi kupita kipimo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na tanki ya maji na metanoli. Moteri mgonjwa ukimwongezea nguvu, ni kama kumpigia fimbo ng'ombe mwenye homa. Atakimbia kidogo, kisha atalala njiani. Na wewe unajua kulala njiani katika mkoa wetu kunaweza kuleta nini.

Kwa hiyo anza hapa: safisha radiateri, badilisha kifuniko, filtri na mipira iliyochoka, pima sindano, angalia mafuta ya moteri na freni, punguza mizigo. Kazi hizo hazina sifa, hakuna mtu atakayezipiga picha kwa telefone. Lakini mara nyingi dawa iko hapo.

Kisa cha tanki iliyosahauliwa

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari iliyoitwa Jetfire, moja ya gari za kwanza za watu wa kawaida kuwa na turbo. Ilitumia esansi, na moteri yake ilibanwa sana. Ili isigonge na kujivunja, waliipa tanki ya pembeni yenye maji, metanoli na dawa ya kuzuia kutu. Mafundi wale walikuwa wenye akili, hata waliweka kizuizi cha kupunguza nguvu ya turbo kama tanki imekauka. Lakini wenye gari walisahau kujaza. Wakaendesha, wakaona gari haina nguvu, wakalalamika. Gari ile ilitengenezwa miaka miwili tu, chini ya 10,000 kwa jumla. Kuanzia 1965 kampuni ikakubali kuwaondolea wateja turbo ile na kuwawekea karbireta ya kawaida.

Nikisoma kisa hicho ninawakumbuka wanawali kumi wa Mathayo 25. Taa zote zilikuwa nzuri. Wote walikuwa njiani kwenda harusini. Tofauti ilikuwa katika chombo kidogo cha mafuta ambacho wengine hawakufikiri kukibeba. Kijana, wewe utafunga tanki leo. Nani atakayeijaza siku ya Jumanne, saa kumi na moja ya asubuhi, wakati yaya yako anakimbilia soko la Beni? Kama umeongeza mazuti au presha ya turbo kwa kutegemea maji yale, siku tanki itakapokauka joto litapanda, na kulasi itapasuka. Gharama yake itazidi faida ya safari nyingi.

Sumu ndani ya parseli

Sasa nasema na wazazi pia. Jambo linalonitia hofu zaidi ni bidoni ya metanoli yenyewe.

Metanoli inafanana na maji. Harufu yake ni ya alkoli. Mtu akiimeza, mwili unaigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Kiasi kidogo, kama vijiko viwili vya chai, kimeweza kupofusha mtu, na kikombe kidogo kinaweza kuua. Hata kwenye ngozi inapenya. Tena ni mjanja: mara ya kwanza mtu anaonekana kama mlevi kidogo tu, analala. Nusu siku au siku nzima inapita, ndipo kichwa kinauma, anatapika, anapumua mbio, anasema anaona ukungu mweupe.

Tusiseme haya ni ya mbali. Mwaka 2000 kule Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa metanoli. Mwaka 2010, ng'ambo ya mpaka wetu, katika Kabale na Kamwenge kule Uganda, watu karibu 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na metanoli. Na sisi katika mitaa yetu na machimbo yetu, kanyanga inauzwa katika bidoni na chupa zilezile za mafuta na maji. Sasa fikiri: bidoni moja imeachwa nyuma ya nyumba, baba mdogo anarudi usiku kutoka machimbo, ananusa alkoli, anamimina. Au mtoto ana kiu.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, Beni na Butembo tulijifunza kwa machozi kwamba anayekwenda mapema kwa waganga ana matumaini kuliko anayengoja nyumbani. Kwa metanoli ni vilevile. Usingoje macho yafifie. Usimpe maziwa wala mafuta ukidhani yatasafisha tumbo. Mpeleke hospitali mara moja, beba bidoni ili waganga wajue alikunywa nini. Dawa ziko, lakini zinataka mapema.

Tena inawaka. Kwa joto la kawaida la mchana wetu, mvuke wake unatosha kushika moto kutoka kwa mbabula ya jirani. Na moto wake, juani, karibu hauonekani. Unaweza kuona mtu anarukaruka usijue anaungua. Kwa hiyo ninasema wazi: metanoli isiingie katika parseli yenye jiko na watoto.

Ukitaka kuendelea

Gari ikishapona, na yaya yako mwenye mali akakubali, bado unaweza kujifunza. Lakini tumia maji matupu, na fanya garajini, chini ya macho ya fundi mkubwa. Maji yawe safi kabisa, yale yaliyotakaswa ya kuongeza katika batri, si asidi ya batri. Maji ya mto Kimemi, hata yakichemshwa, yanaacha chumvi na uchafu unaoziba tundu dogo la kunyunyizia.

Tundu lile liwekwe baada ya radiateri ya upepo, si kabla yake. Weka filtri, na kizuizi cha kutorudisha maji. Pompi iwe na swichi inayoamka tu wakati turbo inasukuma sana, na kulala moteri ikitulia au kuzimwa. Hili usilipuuze. Maji hayabanwi kama upepo. Yakijikusanya juu ya pistoni wakati gari imelala, asubuhi ukiwasha, mkono wa pistoni unapinda. Anza na maji kidogo sana, pima joto la moteri kwa geji, usipime kwa sifa za marafiki. Tena usiongeze mazuti wala presha ya turbo kwa kuyategemea maji hayo.

Nguvu ya kuazima

Vijana wapenzi, Bwana wetu katika Luka 14 alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi na kuhesabu. Hakumkataza kujenga. Alimwambia aketi kwanza. Mimi pia sikatazi akili ya vijana wetu. Nchi hii inahitaji mafundi wanaojaribu.

Lakini tazameni namna tunavyoishi. Kijana anataka nguvu ya haraka, anaingia shimoni bila kuangalia miti inayoshika udongo. Baba anakopa dola ili aonekane mkubwa siku ya harusi. Mwingine anakunywa kidogo ili apate ujasiri wa kusema. Zote ni tanki za pembeni. Zinatoa nguvu kwa dakika 10, na moteri ya ndani inabaki na ugonjwa wake, moshi mweusi uleule. Mungu haanzi kwa kutuongezea turbo. Anaanza kwa kutuponya: moyo, kinywa, deni tulilolificha, ugomvi wa nyumbani. Kazi hiyo nayo haina sifa. Lakini mtu aliyeponywa anapanda mlima polepole, anafika, na watu aliowabeba wanafika pamoja naye.

Kwa mazungumzo ya nyumbani mwezi huu, someni Mathayo 25:1-13 na Luka 14:28-30, kisha mjiulize:

1. Ni nguvu gani tunayoitegemea nyumbani mwetu ambayo hakuna anayejua nani ataijaza kesho?
2. Ni ugonjwa gani tunaouficha kwa kuongeza mwendo?
3. Katika parseli yetu, kuna bidoni au chupa gani isiyo na jina? Leo kabla ya kulala, baba na mama mzunguke na taa, muandike majina, na yenye sumu muitoe.

Hilo la tatu msilingoje mpaka Jumapili.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.