Wazee Wetu na Makao Yao

Ndugu Waislamu, katika Sura Al-Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tumwabudu Yeye peke Yake, na papo hapo tuwatendee wema wazazi. Hata kuguna mbele ya mzee kumekatazwa.

Sisi wa Chato twajua kuwa pande hizi za Ziwa wako akina bibi waliosingiziwa uchawi kwa macho mekundu, nayo aghalabu ni athari ya moshi wa jikoni. Wazee wasio na wa kuwatunza hupokelewa katika makao ya Serikali, kama Kolandoto, Shinyanga, na Bukumbi, Misungwi. Lakini amana haiishii mlangoni.

Ewe kijana, uendapo kumzuru mzee, tazama: Je, sakafu haitelezi? Maji ya udhu yako karibu? Dawa hutolewa kwa wakati wake? Usiku yuko wa kumwitikia? Kisha muulize faraghani kama husemeshwa kwa heshima, maana mwenye hofu hasemi mbele ya mlezi wake. Uonapo kasoro, mweleze msimamizi. Asiposikia, nenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Na vipimo hivyo vianzie nyumbani kwako.

Wabillahi taufiki.