Gari Linasema, Wewe Unalipa

Vijana wenzangu, kusimulia tunaweza: jinsi Colin McRae alivyoshinda Safari Rally mwaka 1997 ndani ya Impreza. Kufungua boneti? Hatuwezi!

Taa ya injini ikiwaka kwenye WRX ya 1995, mbio kwa fundi. Naye anatikisa kichwa: "Hii ni tabo, bwana. Badilisha plagi, badilisha sensa, badilisha pampu." Pesa imekwisha, taa bado inawaka. Huo ni ufundi au bahati nasibu?

Na gari lenyewe linasema! Chini ya dashibodi, upande wa dereva, zipo soketi mbili nyeusi za waya. Ziunganishe, fungua swichi bila kupiga stata, uiangalie taa. Ikiwaka kirefu hesabu kumi, kifupi hesabu moja. Ndefu mbili na fupi mbili ni 22: sensa inayosikia injini ikigonga, au waya wake. Pima hiyo kwanza, ndipo ununue.

Eti ni mambo ya wataalamu? Kuhesabu mpaka ishirini na mbili kunataka cheti gani? Leo jioni, kabla hujamwita mtu, piga magoti chini ya usukani uhesabu mwenyewe.