Harlem Wametumika Tu

Jamani, mtu akikwambia "eneo lenye ukosefu mkubwa wa ajira", utawaza maghorofa ya vioo ya Hudson Yards, New York? Marekani iliruhusu wageni wanaotaka ukaazi wa kudumu wawekeze dola 500,000 badala ya 1,000,000, mradi ukosefu wa ajira mahali hapo ufikie mara moja na nusu ya wastani wa taifa. Basi ikachorwa ramani ndefu mpaka kwa maskini wa Harlem, hesabu ikatimia. Mwaka 2022 sheria mpya ikayanyang'anya majimbo kalamu hiyo. Safi. Ila mimi bado naona kasoro: sheria inadai ajira 10 kwa kila mwekezaji, haiulizi wanaoajiriwa wanatoka mtaa gani.