Uvira nayo ipewe chapa

Chapa ya mkono haihitaji umeme. Mwanafunzi huchonga picha kwenye ubao au mpira, hupaka wino kwa rola, huweka karatasi juu yake na kuikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto, hivyo herufi huchongwa kinyume. Ubao mmoja hutoa nakala nyingi, na hapo ndipo ulipo uzito wa hoja hii: kazi moja ya darasani inaweza kuingia nyumba nyingi za mji wa Uvira, kuanzia mtaa wa Kalundu hadi Kavimvira.

Shule ya sanaa ya Kinshasa iko umbali wa kilomita zipatazo 1,500 kutoka Uvira, hata kwa ndege. Kijana wa hapa mwenye kipaji asingojee safari hiyo.

Mfano upo: msanii wa Namibia John Muafangejo alijifunza kuchonga chapa za lino (linoleamu) huko Rorke's Drift, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1960. Alichonga maisha ya watu wake na vita vya mpakani, kwa weusi na weupe, na chapa zake zikamfikisha mbali. Uvira ina mambo ya kuchonga: mitumbwi ya ndagala, milima ya Itombwe, mafuriko ya Aprili 2020 yaliyobomoa nyumba za watu kandokando ya mto Mulongwe.

Vyuo vya Uvira vianze na patasi chache, wino na mpira chakavu. Wazazi na wafanyabiashara, nunueni chapa za kwanza za vijana hao.