Uyoga Kisondela: Chungu Kwanza, Soko Baadaye

Wengi wetu tumezoea kuuhesabu uyoga kuwa chakula cha bahati. Mvua ikinyesha huota, jua likiwaka hunyauka, na mwenye kuamka mapema ndiye alaye. Juma hili twapenda kuzungumza na jamaa za Kisondela, wilayani Rungwe, na kwa njia hiyo na jamaa zote zikaazo penye migomba na mvua, juu ya uyoga wa namna nyingine: ule unaooteshwa kibandani na watu waliokubaliana.

Nchi hiyo imebarikiwa. Udongo wake ni wa volkeno, na mvua ya pande za Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndizi, mahindi, maharage na chai hustawi. Kila mavuno huacha masalia: majani makavu ya migomba, maganda ya maharage, magunzi ya mahindi. Hayo ndiyo chakula cha uyoga, kwa maana uyoga si mmea. Hauna majani mabichi ya kujipikia chakula kwa nuru ya jua. Ni kuvu, na mwili wake halisi ni nyuzi nyeupe zilizojificha ndani ya vitu vinavyooza. Kile tukichumacho ni tunda tu.

Nyuzi hizo zafanya kazi kubwa porini. Nyingine huozesha magogo na kuyarudisha kuwa udongo. Nyingine hushikamana na mizizi ya miti hai, zikaipa miti maji na chumvichumvi, nayo ikazilipa sukari; ndivyo uishivyo uyoga mwingi uliwao katika misitu ya miombo. Nyingine hulimwa na mchwa ndani ya vichuguu, wala haijawa rahisi kwa binadamu kuziotesha bila mchwa wenyewe. Basi akataye miti yote na kubomoa kila kichuguu asishangae watoto wake wakirudi na vikapu vitupu.

Tena, uyoga wa porini una hatari yake. Wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walichapisha mwaka 2003 kitabu juu ya uyoga wa Tanzania, ulao na usiolika, nao walitegemea sana maarifa ya wanavijiji. Maarifa hayo hayana kipimo cha mkato. Si kweli kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, wala kwamba kijiko cha fedha hubadilika rangi ndani ya uyoga wenye sumu, wala kwamba kuuchemsha sana huondoa kila sumu. Iko sumu ambayo dalili zake huchelewa saa 6 hadi 24. Mgonjwa hutapika na kuhara, kisha huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Usiojulikana na wazee wa mahali hapo uachwe. Na aliyekula akaugua apelekwe hospitali upesi, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.

Hapo ndipo uyoga wa kibandani unapofaa. Rahisi kuliko wote ni ule uitwao mamama, uotao kwa mashada kama masikio. Majani makavu ya migomba au maganda ya maharage hukatwa vipande vifupi, hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa au kufukizwa ndani ya pipa kwa saa 2 au 3 ili kuua vimelea vingine. Yakipoa huchujwa mpaka ukiyakamua mkononi yatoe matone machache tu. Ndipo hujazwa katika mifuko ya plastiki, tabaka la majani na tabaka la mbegu, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Mifuko huwekwa gizani majuma 3 au zaidi, hasa penye baridi, hadi nyuzi zitakapoieneza weupe. Baadaye hutobolewa, huingiziwa nuru kidogo na hewa, na chumba hunyunyiziwa maji kila siku. Mfuko mmoja huvunwa mara 3 au 4. Ukiona rangi ya kijani au nyeusi, mfuko huo umeingiliwa. Utolewe nje mara moja. Na mvunaji afunike pua kwa kitambaa, maana vumbi la uyoga huumiza mapafu.

Tusidanganyane, hata hivyo. Uyoga mbichi ni maji kwa sehemu 9 katika 10. Ni kitoweo kizuri, hasa ukiungwa kwa karanga na kuliwa kwa ndizi, lakini hauondoi maharage chunguni. Waongezwa juu yake. Kadhalika, majani makavu ya migomba hayakuwa takataka hata siku moja. Ndiyo matandazo yanayolisha shamba na kutunza unyevu. Ukiyachukua kuoteshea uyoga, huna budi kurudisha mabaki ya mifuko shambani, bila plastiki yake. Asiyerudisha ataula uyoga mwaka huu na kuulilia mgomba mwaka wa tatu.

Kwa nini basi tusiseme kila mtu ajengewe kibanda chake? Kwa sababu mbegu ya uyoga hutengenezwa kwa nafaka katika chumba kisafi cha maabara, nayo haikai siku nyingi. Mtu mmoja aisafirishaye chupa 2 kutoka mbali amekwisha kula hasara kabla ya kuanza. Jamaa 10 zikiagiza pamoja, zikashirikiana pipa moja na kuni za siku moja, gharama hugawanyika, na ujuzi pia.

Wanyakyusa hawafundishwi ushirikiano na gazeti. Zamani vijana wa kiume wa rika moja waliondoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakala pamoja na kukua pamoja. Mwaka 1951 Monica Wilson aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya rika, na juu ya ukwangala, yaani ile raha ya kukaa na wenzako kwa mazungumzo na chakula. Lakini vijiji vile vilihesabiwa kwa rika la wanaume. Mke alikwenda alikokuwa mumewe. Kikundi cha uyoga cha leo hakiwezi kuiga hilo. Aghalabu atakayechota maji, kuchemsha majani na kunyunyizia mifuko ni mama. Basi jina lake liandikwe daftarini, na fedha apokee mwenyewe. Akina baba, hapa ndipo penye mtihani wetu: kibanda kikiwa cha mama mpaka siku ya mauzo, kisha kikawa cha baba, msimu wa pili hakuna atakayenyunyizia maji.

Mwisho, jihadharini na muuza mbegu anayeahidi kununua mavuno yote. Uyoga mbichi huharibika kwa siku chache tu. Mnunuzi asipofika, ahadi yake hailiki. Yafaa kikundi kianze na mifuko michache, kila jamaa ile kwanza, jirani aonje, kisha gulio la Tukuyu lijaribiwe kwa vikapu vidogo. Utakaobaki ukaushwe juani au juu ya moto mdogo siku za mvua. Soko lililoanzia chunguni halimfilisi mtu, kwa maana usiouzika utaliwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Wana Kisondela, majani mnayo, maji mnayo, na desturi ya kukaa pamoja mnayo. Kilichobaki ni mapatano ya nani afanye nini, na nani apokee nini. Nayo yaandikwe kabla mfuko wa kwanza haujafungwa.