Mvua yagonga paa, mwanafunzi anunua maji

Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo linalowasumbua wazazi wengi kila vyuo vinapofunguliwa, nalo ni malazi ya watoto wetu.

Muhula uliopita, mpwa wangu kutoka Kebirigo, kaunti ya Nyamira, alipata nafasi ya masomo mjini Kisii. Dada yangu aliniomba nimtafutie chumba katika hosteli ya kibinafsi. Tulipata jengo la orofa nne lililotupendeza machoni: rangi mpya, lango la chuma na vigae vinavyong'aa hata ukajiona uso. Tukalipa kodi ya miezi mitatu, nami nikarudi kwangu nikijipongeza.

Baada ya wiki tatu nilikwenda kumjulia hali. Ilikuwa alasiri, na kama ilivyo ada ya Kisii, mvua ilikuwa ikinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Nilimkuta binti yetu langoni chini ya mwavuli, akimlipa kijana wa mkokoteni pesa za mitungi miwili ya maji.

"Mjomba," akaniambia, "bomba halijatoa hata tone tangu Jumatatu."

Nikainua macho. Maji ya paa yalikuwa yakimwagika kama mto, yakapita mbele ya miguu yake na kuishia mtaroni. Hapo ndipo nilipojiuliza: je, kweli nilimchagulia mtoto nyumba nzuri, au nilichagua rangi na lango?

Msomaji, kuna wataalamu ambao kazi yao ni kulijibu swali hilo kwa vipimo. Hutoa vyeti kwa majengo yanayotunza mazingira. Kimojawapo kinaitwa EDGE, nacho kilianzishwa na IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia. Ili kukipata, jengo hulinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Ni sharti liokoe angalau asilimia 20 katika kila moja ya mambo matatu: kawi, maji, na hewa ya kaboni inayotokana na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi wenyewe. Kupita katika mawili na kuanguka katika la tatu hakutoshi.

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya pekee. Jijini Nairobi, kampuni ya Acorn imejenga hosteli za wanafunzi ziitwazo Qwetu ambazo zimepata cheti hicho. Mwaka wa 2019, kampuni hiyo ilikusanya takriban Sh4.3 bilioni kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya hosteli za namna hiyo. Januari 2020, hatifungani zake zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi na lile la London.

Lakini Kisii si Nairobi. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa bewa la Egerton mwaka wa 1994, na mwaka wa 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kadiri kilivyokua, ndivyo wenyeji walivyojenga vyumba vya kupangisha kukizunguka. Mwenye vyumba 30 aliyejenga kwa mkopo wa chama cha akiba hana habari na soko la London. Tena, anayenunua tokeni za stima ni mpangaji. Anayenunua maji ya mkokoteni ni mpangaji. Basi mwenye nyumba ana haja gani ya kuokoa? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndiyo maana nasema sisi wazazi tuyachukue maswali ya cheti hicho na kuyauliza wenyewe langoni, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Swali la kwanza ni maji. Hebu tupige hesabu pamoja. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita mraba moja ya paa huleta lita moja ya maji. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Paa la mita mraba 200, basi, hupokea lita 300,000. Hata tukisema thuluthi nzima ipotee, zitabaki lita 200,000, yaani mitungi 10,000 ya lita 20. Hiyo ni kama mitungi 27 kila siku ya mwaka! Ya kunywa yatachemshwa, lakini ya kufua, kupiga deki na kumwaga chooni yako tayari. Kinachotakiwa ni mifereji ya paa na tangi la kutosha.

Swali la pili ni kawi. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Mwanafunzi atataka maji moto. Je, kuna mtambo wa jua juu ya paa, au kila mmoja atachemsha kwa stima chumbani mwake? Madirisha yanaingiza mwanga wa kutosha, au taa zitawaka saa sita mchana? Pia kuna mahali pa kupikia penye hewa? Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni kifo kinachonyemelea usingizini, na wapo waliolala wasiamke.

Swali la tatu wengi hatulifikirii kamwe: kuta zimejengwa kwa nini? Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi. Katika mabonde ya Kisii na Nyamira, wengi wamepanda mikalitusi kando ya mito wapate kuni na mbao, na miti hiyo hunywa maji ya chemchemi zetu. Kwa hivyo tofali la ukutani na bomba lililokauka ni ndugu wa tumbo moja. Matofali ya udongo yanayoshindiliwa kwa mashine na saruji kidogo hayahitaji tanuri.

Nilipomweleza mwenye nyumba haya, alicheka. "Mzee, hawa hukaa miaka minne wakaenda zao," akasema. Sikubishana. Nilitafuta nambari za simu za wazazi wengine watano, tukaenda pamoja na kumwambia kwamba muhula ukiisha tutahama sote. Mwezi uliofuata mifereji iliwekwa, na tangi la lita 10,000 likasimamishwa nyuma ya jengo.

Maji ya kuoga bado ni baridi, nasi bado tunamkumbusha. Lakini mvua ikinyesha, binti yetu hatoki tena na pesa mkononi.

Mzazi, ukienda kutafuta chumba, usishike rangi ya ukuta. Fungua bomba kwanza, kisha utazame juu ya paa. Tukijaaliwa, tuonane Jumapili ijayo.